Dada, kabla hujameza tembe ya kukata njaa

Natumai chai ya Jumapili asubuhi imeteremka vyema. Ikiwa kando ya kikombe pana mandazi mawili matatu, usione haya. Kula. Leo nataka tuzungumze kuhusu chakula, kuhusu njaa, na kuhusu watu wanaotuuzia dawa ya kuikata njaa hiyo.

Mwezi wa Septemba mwaka jana binamu yangu, binti ya shangazi, alinijia nyumbani akiwa amebeba gauni la harusi. Alikuwa amelipata mtumbani kwa bei nafuu, jeupe pepe, lenye shanga kifuani. Kasoro ilikuwa moja tu. Zipu ilipanda hadi katikati ya mgongo kisha ikagoma. Harusi ilikuwa Desemba, kadi zilikuwa zimeshachapishwa, na kamati ilikuwa inakutana kila Jumamosi.

"Usijali, dada," aliniambia, "nimepata dawa."

Alitoa mkobani chupa ya plastiki yenye tembe 60. Kwenye karatasi iliyobandikwa palikuwa na picha ya mmea wa miiba, jua la jangwani linalotua, na mwanamume aliyeshika upinde. Maandishi makubwa yalisema dawa ni asilia kwa asilimia mia moja. Alikuwa ameuziwa na mfanyakazi mwenzake kwa shilingi 4,500, pesa zilizokuwa zimetengwa kwa mchango wake wa chama.

"Unameza mbili kabla ya kula," alieleza, "na njaa inasahaulika. Tena ni mmea tu. Mmea utanifanya nini?"

Msomaji wangu, swali hilo nimelisikia mara nyingi mno hapa mjini. Mmea utanifanya nini? Tumbaku ni mmea. Bangi ni mmea. Mbarika, ambao mama zetu walituonya tusitafune mbegu zake, ni mmea pia. Kwamba kitu kimeota ardhini si cheti cha tabia njema.

Hata hivyo, sikutaka kumkaripia bibi harusi bila ithibati. Nilisoma jina lililokuwa kwenye chupa, nikaliandika, nikaenda kulitafuta. Niliyoyapata ndiyo ninayokusimulia leo.

Mmea wa wawindaji

Jina hilo ni hoodia. Ziko aina kadhaa, lakini inayovumishwa kwa kupunguza uzani ni Hoodia gordonii. Ukiuona utadhani ni dungusi, kwani una mashina manene ya kijani yenye miiba na hauna majani ya kuonekana. Wataalamu wa mimea wanasema si dungusi hata kidogo, ni wa ukoo mwingine kabisa. Maua yake ni mapana kama kisahani, rangi yake yakaribia nyama, na harufu yake ni ya nyama iliyooza. Usishangae. Harufu hiyo huwaita nzi, na nzi ndio wanaosafirisha chavua yake.

Mmea huu huota katika maeneo makavu ya kusini mwa Afrika: Afrika Kusini, Namibia, Botswana na Angola. Huko ndiko waliko Wasan, watu wapatao laki moja, ambao wamekaa nchi hizo tangu zamani za kale kuliko jamii nyingine yoyote. Mwindaji wa Kisan aliyefuata nyayo za mnyama siku mbili tatu jangwani hakuwa na mkahawa njiani. Alikata kipande cha shina la hoodia, akaondoa miiba, akatafuna. Ni kichungu. Lakini kiliaminika kutuliza njaa na kiu hadi atakapofika alikokuwa akienda.

Nataka ulitazame vyema jambo hilo kabla hatujaendelea. Mtu huyu alikuwa mwembamba tangu mwanzo. Alikuwa anatembea mchana kutwa, na alitafuna shina bichi alilolikata mwenyewe, si unga uliosagwa ukafungwa ndani ya tembe. Tena alilitafuna kwa sababu chakula hakikuwepo, si kwa sababu kilikuwa kingi. Akirudi nyumbani na windo, alikula akashiba. Kati yake na binamu yangu aliyeketi ofisini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, pana umbali mrefu kuliko ule wa Kalahari na Nairobi.

Jambo la mmea kukata hamu ya chakula si geni hapa kwetu. Anayetafuna miraa jioni huacha sahani yake ya ugali ikapoa mezani. Lakini ni nani kati yetu atakayemshauri bibi harusi atafune miraa miezi mitatu ili gauni limwenee?

Kutoka jangwani hadi maabara

Mwaka 1963, taasisi ya serikali ya utafiti wa sayansi na viwanda nchini Afrika Kusini, CSIR, ilianza kuchunguza mimea ya porini iliyokuwa ikiliwa na wenyeji. Hoodia ilikuwa miongoni mwake. Baada ya miaka mingi wanasayansi walitenga kiungo walichodhani ndicho kinachotuliza njaa, wakakipa jina la P57. Mwaka 1995 taasisi hiyo iliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi huo. Mwaka 1997 ikaipa kampuni ya Phytopharm ya Uingereza leseni ya kuuendeleza, na mwaka 1998 Phytopharm nayo ikaikaribisha Pfizer, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani.

Je, Wasan walikuwa wapi wakati huo wote? Hawakuulizwa. Habari zilipochipuka magazetini mwaka 2001, mkuu wa Phytopharm alieleza kwamba walidhani watu walioujua mmea huo wameshatoweka duniani. Fikiria, msomaji. Watu wako hai, wana watoto na wajukuu, na mahali fulani ofisini wameshahesabiwa kuwa marehemu huku elimu yao ikitiwa muhuri wa mtu mwingine.

Wasan walitafuta mawakili wakadai haki yao. Machi 2003 walitia saini mapatano na CSIR: wangepata asilimia 8 ya fedha ambazo taasisi hiyo ingelipwa kwa kila hatua ya utafiti, na asilimia 6 ya mrabaha dawa itakapouzwa. Mapatano hayo yalisifiwa kote duniani kama mfano wa kuheshimu wenye maarifa ya asili. Lakini mrabaha ni mgao wa mauzo, na mauzo yalihitaji dawa inayofanya kazi.

Mwaka huohuo wa 2003 Pfizer ilijitoa. Mwaka 2004 Unilever, kampuni ambayo sabuni zake huenda ziko jikoni mwako, ilichukua nafasi hiyo ikitaka kutengeneza vinywaji vya watu wanaojipunguza. Mamilioni ya pauni yalitumika. Mwishoni mwa mwaka 2008 Unilever nayo ilifunga daftari, ikisema bidhaa hiyo haikufikia viwango vya usalama na vya ufanisi. Wakulima waliokuwa wamepanda hoodia wakabaki na mashina shambani. Wasan wakabaki na fedha kidogo za hatua za mwanzo, na karatasi ya mapatano.

Hebu tua hapo kidogo. Kampuni mbili tajiri zilizokuwa na kila sababu ya kutaka hoodia ifanye kazi ziliutazama mmea huo kwa karibu, kisha zikauacha. Muuzaji wa chupa hakwambii habari hiyo.

Wanawake 49

Kilichoonekana katika utafiti huo kilichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Marekani la lishe ya binadamu. Wanawake 49 wenye afya njema lakini uzani uliozidi kiasi waligawanywa makundi mawili. Kwa siku 15, saa moja kabla ya kiamsha kinywa na saa moja kabla ya chakula cha jioni, kila mmoja alikunywa maziwa ya yogati. Kundi moja yogati yake ilitiwa dondoo la hoodia lililosafishwa. Kundi la pili yogati yake ilikuwa yogati tu.

Unadhani matokeo yalikuwaje? Hakukuwa na tofauti ya maana, si katika kiasi cha chakula walichokula, si katika uzani wao. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ya namna nyingine. Waliokunywa hoodia walipata kichefuchefu na kutapika zaidi, na ngozi zao zikawa na hisia zisizo za kawaida. Shinikizo la damu lilipanda. Mapigo ya moyo yaliongezeka. Vipimo vya damu vinavyohusu ini navyo vilibadilika.

Soma sentensi hizo tena ikiwa una presha, au mama yako anayo. Mmea haukuikata njaa, bali uliipandisha damu.

Utauliza: mbona basi ilivuma namna ile? Ilivuma kwa sababu majaribio ya mwanzo yalitia matumaini. Mwaka 2004, kwa mfano, ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba panya waliopewa P57 walipunguza kula kwa kiasi kikubwa. Matangazo yaliudaka utafiti huo kama mwewe anavyodaka kifaranga. Ambalo matangazo hayakusema ni kwamba panya wale hawakumeza chochote. Walidungwa sindano ndani ya ubongo. Tembe unayoimeza wewe hupita tumboni, ikaingia kwenye ini, na huko hubadilishwa na kuvunjwavunjwa kabla ya damu kuifikisha popote. Safari ya mdomoni hadi kichwani ni ndefu.

Ni nini hasa kilicho ndani ya chupa?

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba chupa ya binamu yangu ilikuwa na hoodia. Huenda haikuwa nayo kabisa.

Mmea huu hukua polepole, huchukua miaka kadhaa kukomaa. Kwa kuwa watu walianza kuung'oa ovyo porini, mwaka 2004 mataifa yaliuweka chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES, ule ule unaolinda pembe za ndovu wetu. Tangu hapo hauvuki mpaka kihalali bila kibali. Kitu kikiwa adimu, kinalindwa, na kila mtu anakitaka, nini hutokea? Wewe ni mtu wa mjini, unajua jibu. Bidhaa nyingi zilizopimwa katika maabara za ng'ambo zilikutwa na hoodia kidogo mno au bila hoodia yoyote. Mwaka 2009 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya wauzaji waliodai bidhaa zao ni hoodia na kwamba hupunguza uzani.

Kudhulumiwa pesa ni jambo moja. Jambo baya zaidi ni pale tembe inapofanya kazi kweli. Kuna dawa ya kukata hamu ya chakula iliyoitwa sibutramine. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu wakati huo, wakaguzi wa dawa wa Marekani wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya tembe za kupunguza unene zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Kwa hiyo ukimeza kitu kinachoitwa asilia na njaa ikakatika ghafla kama taa ya stima, usishangilie upesi. Jiulize ni nani aliyezima.

Na majani yale ya kujipunguza? Hapo nina ushuhuda wangu. Nilipokuwa chuoni nikisomea uandishi wa habari, niliyanywa wiki mbili. Mizani ilishuka kilo mbili nikatembea kwa maringo. Baadaye nikasoma pakiti kwa makini nikakuta kiungo cha kwanza ni sanamaki, jani ambalo wazee wa Pwani hulitumia kuendesha tumbo. Nilichopoteza ni maji na mihadhara miwili, kwani sikuweza kuketi darasani saa nzima. Kilo zilirudi kabla ya mtihani.

Maswali ya kuuliza

Sikukatazi kupunguza uzani, msomaji. Uzani uliozidi huleta kisukari, huleta presha, huumiza magoti, na daktari akikwambia upunguze, msikilize. Wala sisemi kwamba hakuna dawa yoyote ya njaa. Siku hizi zipo sindano kama za semaglutide ambazo zimejaribiwa kwa maelfu ya watu na kweli hupunguza hamu ya chakula. Lakini nazo zina madhara yake, ni ghali, na ni za kuandikiwa na daktari anayekupima, si za kuletewa mezani na mwenzako pamoja na viazi karai.

Ninachokuomba ni uulize kabla ya kufungua mkoba. Kwanza, je, bidhaa hii imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Bodi ina orodha yake, na mwenye duka la dawa aliye na leseni anaweza kukusaidia kuiangalia. Pili, je, imeandikwa wazi ndani yake mna nini, kiasi gani, na imetengenezwa wapi? Tatu, nina ugonjwa gani, ninameza dawa gani nyingine, nina mimba au ninanyonyesha? Na la nne, muuzaji anapata nini nikinunua, na atakuwa wapi nikiugua?

Nyinyi wanafunzi, hasa kina dada wa vyuoni mnaoshinda na soda moja na tembe mbili ili mpendeze pichani, swali lenu ni la tano. Ni nani aliyekwambia u mnene? Mara nyingi ukilifuata jibu hadi mwisho utamkuta mtu anayeuza kitu.

Kuhusu kile cha kufanya, hakuna siri. Punguza sukari kikombeni, punguza soda, punguza mafuta karaini. Jaza sahani sukuma wiki na maharagwe, kwani chakula chenye nyuzinyuzi hukaa tumboni na hicho ndicho kikata njaa cha bei nafuu kuliko vyote. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako utembee. Lala mapema, kwa maana asiyelala vya kutosha huamka na njaa kubwa zaidi. Haitatokea kwa wiki moja. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia.

Na bibi harusi?

Niliporudi kwa binamu yangu na habari hizi alikuwa ameshameza tembe za siku tisa. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia nasoma sana. Jumamosi iliyofuata, wakati wa mazoezi ya kwaya, alishikwa na kizunguzungu akaketi chini katikati ya wimbo. Katika zahanati muuguzi alimpima damu akakuta 160 kwa 100. Hapo ndipo shangazi alipokumbusha jambo ambalo sote tulikuwa tumelisahau: alipopata mtoto wake wa kwanza presha ilimsumbua.

Siwezi kukuapia kwamba ni tembe zile. Harusi yenyewe inatosha kumpandisha mtu damu, na alikuwa hali vizuri kwa wiki nzima. Daktari naye hakuapa. Aliitazama chupa, akaigeuza, akauliza ni nani aliyeitengeneza. Karatasi haikusema. Akamwambia aache, arudi baada ya wiki mbili apimwe tena. Alipopimwa, damu ilikuwa imeshuka. Muuzaji alipoombwa arudishe pesa, alisema chupa ikishafunguliwa hairudi.

Desemba ilifika. Gauni tulilipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani, mama aliye na cherehani chini ya ngazi. Alilitazama, akaifungua mishono miwili ya ubavuni, akatia kitambaa cha satini kwa upana wa vidole vitatu kila upande. Alitutoza shilingi 800. Zipu ilipanda mpaka juu bila kuomba ruhusa ya mtu.

Siku ya harusi binamu yangu alikula pilau, tena akaongeza. Nilikuwa meza ya pili nikimtazama, na kwa sababu zangu mwenyewe nikamkumbuka yule mwanamume wa upinde aliyechorwa kwenye chupa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka picha yake iuze tembe. Lakini naamini kwamba siku aliporudi kijijini na windo begani, na nyama imeshawekwa motoni, hakutafuna hoodia. Alikula na wenzake.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.